Tiketi ya Kherapur: Raja Avaa Skafu ya Ungo

Mlango ulifunguka, na aliyetoka hakuwa mtu wa Ungo.

Mliobishana wiki nzima vibandani nani atapewa tiketi ya ubunge, poleni, wote mmekosa. Hakuwa Pateria, mwenyekiti wa wilaya. Hakuwa yule daktari wa meno aliyejaza mji mzima kwa picha zake za tabasamu. Alikuwa Vikrambahadur Singh Bundela, Raja Saheb mwenyewe, mbunge wa Kherapur kwa Chama cha Kinu tangu enzi za baba yake. Alilala usiku uliopita akiwa Kinu. Asubuhi hii, juu ya kurta yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, alikuwa amejitupia skafu ya kijani ya Chama cha Ungo.

Damyanti Lodhi alibaki amesimama katikati ya ukumbi wa nyumba ya wageni, boksi la laddu, vitamu vya sherehe, mkononi. Alilileta awagawie makada tiketi ikitangazwa. Tiketi hiyo aliahidiwa yeye.

Bundela alikutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia mpishi.

"Namaste, dada Damyanti. Sasa tuko nyumba moja."

"Nyumba ipi, Raja Saheb? Ile uliyoibomoa?"

Makada waliokuwa ukumbini wakaangalia viatu vyao. Wote walijua anasema nini. Miaka michache nyuma, wanawake wanaosokota bidi, sigara ndogo za majani, walijenga banda lao kwenye uwanja ambao Bundela aliutaka. Vijana wake walikuja na shoka, polisi wakaja na virungu, na Damyanti akatoka pale na kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Mpaka leo mkono huo haunyooki.

Na Chama cha Ungo kilifanya nini? Kilimpiga picha akiwa na bandeji. Kilichapisha mabango. Kwenye uchaguzi uliopita mkono wa Damyanti ulitundikwa kila nguzo ya umeme ya Kherapur, mkubwa kuliko basi.

Bundela alicheka kwa upole. "Ya kale, dada. Siasa haina chuki." Akapita zake, na makada walewale walioimba kifo cha utawala wake wakakimbilia kumfungulia mlango wa gari.

Ndani ya chumba alikaa Nalin Dabral, mwangalizi wa chama kutoka Delhi, mtu laini mwenye vidole laini. Alikuwa akila jalebi, na asali ilimchuruzika mpaka kwenye saa.

"Karibu, dada, karibu. Keti. Nidhamu yako naisifu hata Delhi."

"Sikuja kusifiwa. Nani kampa yule tiketi?"

"Uongozi wa juu."

"Uongozi wa juu una jina?"

Dabral alilamba kidole. "Tumefanya utafiti. Watu wanakupenda sana, naomba uamini hilo. Lakini kupendwa ni jambo moja na kushinda ni jambo lingine. Raja Saheb ana magari, ana watu, ana..."

"Ana shoka."

"Ana uwezo wa kushinda. Chama ni mama, dada. Mama akigawa chakula, mtoto mwema hahesabu matonge."

"Mama huyo kamlisha mtoto wa jirani aliyemchomea jiko."

Pateria alikuwa amesimama pembeni akijifanya anasoma kalenda ukutani. Huyu ndiye aliyeweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, mbele ya hekalu la Hanuman, akaapa kwamba tiketi ni ya Damyanti au yeye Pateria anaacha siasa. Mwanawe yu mzima, anashukuru Mungu. Siasa hakuacha.

"Mwenyekiti," Damyanti alimgeukia, "uliapa."

"Mikono yangu imefungwa, dada."

"Naiona. Imefungwa kwenye samosa."

Kweli, alikuwa ameshika samosa.

Dabral alifuta mikono kwa leso, akawa mtu wa kazi. "Sikiliza. Kesho kuna mkutano wa hadhara uwanja wa maonyesho. Raja Saheb anatambulishwa rasmi. Wewe utapanda jukwaani, utamvisha shada la maua, wanawake wako wa bidi watapiga makofi, picha itapigwa. Serikali tukiunda, tutakupa unaibu mwenyekiti wa Bodi ya Ufugaji wa Mbuzi."

"Na nikikataa?"

"Unafukuzwa uanachama kwa miaka sita. Si mimi, ni katiba ya chama."

Katiba ya Ungo, wasomaji wangu, haijawahi kumfukuza mwizi wala mpiga wake. Lakini kwa mtu anayeuliza swali ina kifungu maalumu.

Damyanti alifungua lile boksi, akaliweka mbele ya Dabral. "Kula na hizi. Umechoka na safari."

Akatoka.

*

Uani kwake wanawake wa bidi walikuwa wameshajaa. Habari ilimtangulia. Budhiya, mkubwa wao, bibi asiye na meno ila mwenye maneno, alikuwa akisokota bidi huku akitukana ukoo mzima wa Bundela, kizazi kwa kizazi, bila kurudia tusi.

Mume wa Damyanti, Harprasad, mwenye kibanda cha kuziba pancha barabara kuu, alikuwa kitandani uani, miguu juu.

"Mama Pinki," alisema, "chukua lile shada lako, umvishe, yaishe. Unaibu wa mbuzi ni gari la serikali hilo. Lenye kimulimuli."

"Baba Pinki, mkono huu nani aliuvunja?"

"Mkono ushapona."

"Haujapona! Mimi ndiye ninayekanda unga nao!"

Harprasad akaomba chai. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akishindwa hoja, anaomba chai.

"Mwanangu," Budhiya alisema, "kesho unapanda au hupandi?"

Wanawake waliacha kusokota.

"Napanda," alisema.

Budhiya alitema mate chini. Wengine wakakusanya vikapu vyao vya majani ya bidi, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

*

Uwanja wa maonyesho ulijaa. Watu wa Bundela waliletwa kwa matrekta, kila mmoja na pakiti ya puri na mboga, na bendera ya Ungo ambayo wengine waliipeperusha kichwa chini kwa sababu maisha yao yote walishika ya Kinu.

Nyuma ya jukwaa ilisimama picha ya Rais wa chama, mzee yule wa Delhi, hai na mwenye afya njema, urefu wake kama ghorofa moja. Mbele yake viti, na kwenye kiti cha katikati, Bundela.

"Na sasa," Pateria alinguruma kwenye kipaza sauti, "dada yetu, askari wa chama, mfano wa nidhamu, Damyanti Lodhi!"

Alipanda. Sari ya kijani, kichwa kimefunikwa. Akapewa shada, maua ya rangi ya chungwa, zito, linanukia. Wapiga picha wakajisogeza. Dabral alikuwa akitabasamu kama bwana harusi. Bundela akasimama, akainamisha shingo, akafumba macho.

Akangoja.

Akaendelea kungoja.

Damyanti alikuwa amempita. Alipita viti, akapanda juu ya meza ya maji, na kwa mkono wake mzima na ule usionyooka akalitundika shada kwenye pembe ya picha ya Rais wa chama.

Kwetu picha huvishwa maua mwenye sura akishafariki. Kila mtu uwanjani anajua hivyo. Kila nyumba ina picha ya babu yenye shada.

Kicheko kilianzia nyuma kabisa, kule walikosimama wanawake wachache waliokuja kuona aibu kwa macho yao. Kikaja mbele kama maji. Hata watu wa matrekta walicheka, puri midomoni.

Damyanti alichukua kipaza sauti. "Mmeniita nimvishe shada," alisema. "Nimemvisha marehemu. Chama changu kimekufa, na nyie mlio kwenye viti ndio mliokiua. Poleni kwa msiba."

Alikuwa hajamaliza kushuka ngazi barua ya kufukuzwa ikamfikia kwenye simu. Miaka sita, kuanzia sasa. Tarehe ilikuwa ya juzi. Waliiandika mapema, ikae tayari mfukoni.

Damyanti aliisoma mara mbili. Sitawadanganya kwamba alicheka. Aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, akafunika uso kwa pindo la sari, akalia kama mtu aliyefiwa kwelikweli. Bendera ya Ungo iliyopepea jukwaani aliishona mwenyewe, kwa mashine ya mama mkwe, alipokuwa bado bibi harusi mgeni mjini.

Budhiya alikuja akamkalia pembeni. "Lia umalize," alimwambia. "Kesho ndiyo siku ya mwisho ya fomu za wagombea. Hatuwezi kukupeleka na macho yamevimba."

*

Kesho yake asubuhi wanawake wa bidi walimsindikiza mpaka ofisi ya mkuu wa wilaya. Hawakuwa na ngoma. Walikuwa na vikapu vyao, maana siku ya kazi ni siku ya kazi, na njiani walisokota.

Aliingia, akajaza fomu kama mgombea binafsi, akala kiapo, akatoka. Kilichobaki ni kumngoja Bundela aje na msafara wake ili apate kuzomewa ipasavyo.

Saa sita ikapita. Saa saba. Bundela hakuonekana.

Dabral na Pateria walikuwa langoni na bendi nzima ya tarumbeta iliyokodiwa. Dabral alipiga simu. Akapiga tena. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia.

Muuza chai wa langoni ana televisheni ndogo. Ndiyo iliyotoa habari.

Bundela alikuwa amerudi Kinu.

Alikuwa, kwa kweli, hajawahi kuondoka. Alitaka tiketi mbili, yake na ya mwanawe jimbo la jirani. Kinu walimnyima ya pili, akaenda kuvaa skafu ya Ungo siku mbili ili kuwatia joto. Asubuhi hii wakampa zote mbili. Fomu yake ililetwa na mawakili kwa mlango wa nyuma, wakati bendi ya Ungo ikimpigia wimbo wa kumkaribisha mlango wa mbele.

Kwenye televisheni alikuwa ameshavaa skafu ya bluu. "Nimerudi nyumbani," alisema. "Kule kwa Ungo nilikosa hewa."

Pateria aliduwaa. "Bwana mkubwa, saa tisa wanafunga. Hatuna mgombea."

Ndipo Dabral alipogeuka, akamwona Damyanti amekaa kwenye ukuta wa bustani na wanawake wake.

Jamani, mngemwona akikimbia! Mtu yule laini, viatu vya ngozi, tumbo mbele, akiruka vikapu vya majani ya bidi na mikono ameinyoosha.

"Binti wa chama!" alipaza sauti. "Binti yetu!"

"Nani huyo?" Budhiya aliuliza. "Si alifukuzwa?"

"Ilikuwa makosa ya karani! Imefutwa! Nimeifuta mimi mwenyewe, sasa hivi, hapa nilipo." Alitoa bahasha. Ndani yake ilikuwa hati ya chama, ile inayompa mgombea alama ya Ungo. "Dada Damyanti. Chukua. Ni yako. Ilikuwa yako siku zote."

Miaka sita ilikwisha hivyo.

"Omba radhi kwanza," Budhiya alisema.

"Naomba radhi," Dabral alisema papo hapo.

"Kwa sauti."

"NAOMBA RADHI!"

"Piga magoti."

Akapiga, suruali ya Delhi kwenye vumbi la Kherapur. Wala hakuona taabu. Mtu akishazoea, magoti hukunjika yenyewe.

Wanawake walicheka, lakini Damyanti hakucheka. Alikuwa akiitazama ile hati, na nitawaambia ukweli hata kama hamtaupenda: aliitaka. Kherapur watu wengi hupiga kura kwa alama. Wanaingia, wanatafuta Ungo, wanabonyeza, wanatoka. Akiwa na hati hii angemshinda Bundela. Bila hiyo, yeye na atakayewekwa na Ungo wangegawana kura, na Raja Saheb angepita katikati yao huku akipiga mluzi.

"Chukua, dada," mmoja wa wanawake alinong'ona. "Shinda kwanza, utawatukana baadaye."

"Usichukue," alisema mwingine.

Damyanti aliupeleka mbele ule mkono wake mbovu. Vidole vikagusa bahasha.

"Nikuulize kitu kimoja, bwana Dabral," alisema. "Siku ya mwisho ya wagombea kujitoa haijafika. Bundela akigombana tena na Kinu leo jioni, akakupigia simu, utasema nini?"

Dabral alifungua mdomo.

Laiti angedanganya! Alikuwa amedanganya maisha yake yote, uongo mmoja zaidi usingemuumiza. Lakini swali lilimshtukiza, na kwa muda mfupi tu uso wake ukafanya hesabu. Wote wakauona ukifanya hesabu.

Damyanti alirudisha mkono. "Nimeshajaza fomu yangu," alisema. "Inuka, utachafuka."

Dabral aliinuka, akajikung'uta magoti kwa leso ileile ya jalebi. Asali yote ilikuwa imemtoka sautini.

"Pateria. Mlete yule mwingine."

Kutoka nyuma ya kibanda cha chai alitokea mtu aliyevaa kizibao kipya cha kijani, nywele zimepakwa mafuta, akitembea kama aliyeazima miguu.

Harprasad.

"Baba Pinki?" Damyanti alisema. "Unafanya nini hapa?"

Alitazama pembeni. Pateria akajibu kwa niaba yake, na akajibu kwa fahari. Makaratasi ya Harprasad yalikuwa tayari tangu jana jioni. Mara tu baada ya lile shada, Pateria alikwenda kibandani kwa mziba pancha. Mpango ulikuwa kumsimamisha kama mgombea binafsi wa pili mwenye jina la Lodhi, ili wapiga kura wachanganyikiwe na kura za mkewe zimwagike. Sasa Mungu amejalia, badala ya kumwaga kura atabeba chama.

"Jana jioni," Damyanti alirudia. "Jana jioni nilikupikia khichdi."

"Mama Pinki, ni jambo lilelile," Harprasad alisema. "Wewe, mimi, nyumba moja. Nikiwa mbunge, wewe ndiye utakayeongoza, mimi nitasaini tu. Wenzetu wote wanafanya hivyo."

"Wenzetu wote wanafanya kinyume chake!"

"Basi sisi tutakuwa wa kwanza."

Wakamsukuma ndani. Saa ya ukutani ilikuwa karibu na tisa. Bendi, ambayo imelipwa na haijui tofauti, ikaanza kupiga. Muda si mrefu Harprasad akatoka akiwa mgombea rasmi wa Chama cha Ungo, mrithi wa mashujaa, na shada shingoni. Hakuna aliyejali kumwambia afunge vifungo vya kizibao sawasawa.

Alimjia mkewe, na sasa alikuwa na sauti mpya. "Utajitoa," alisema. "Aibu hii haiwezekani, mume na mke kwenye karatasi moja. Jitoe, la sivyo usirudi nyumbani."

"Harprasad!"

Uwanja mzima ulisikia. Tangu aolewe hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina, hata chumbani. Wanawake walifunika midomo.

"Nyumba ile ilijengwa na serikali, na ukutani limeandikwa jina la mwanamke. La nani? Soma ukirudi. Na godoro lako utalikuta mlangoni, kwa sababu mgombea wa Ungo halali kwa mgombea binafsi. Ni suala la nidhamu."

Budhiya alipiga makofi, peke yake, polepole, akifurahia kila kofi.

Harprasad alitafuta jibu. Kwa mazoea akatafuta chai. Kabla hajaipata, Bolero nyeupe ilisimama mbele yake, mlango wa nyuma ukafunguliwa, na vijana wawili wenye skafu za kijani wakamshika mabega kwa heshima kubwa.

"Mheshimiwa, twende. Wagombea wote wanapelekwa hotelini mpaka siku ya kujitoa ipite. Usalama wako."

Mheshimiwa! Kifua kilimjaa. Alipanda, akampungia mkewe kwa vidole viwili kama alivyoona wakubwa wakifanya. Mlango ukafungwa, kufuli ikalia, gari likaondoka.

"Hoteli nzuri?" Damyanti alimuuliza Dabral kwa kejeli. "Ina godoro?"

Dabral alikuwa akilikodolea macho lile gari. Rangi ya uso wake ilikuwa imeondoka.

"Gari letu lile pale," alisema, akionyesha Bolero nyeupe chini ya mti, dereva wake amelala. "Hatujaagiza mtu achukuliwe. Pateria, wale vijana ni wa nani?"

Pateria alikuwa ameanza kurudi nyuma, kinyumenyume, kuelekea kwenye pikipiki yake.

Bolero ilifika njia panda. Kulia ni barabara ya Bhopal na hoteli zake. Ikakata kushoto, njia ya mawe inayopanda kwenye ngome ya Bundela. Kwenye kioo cha nyuma ulionekana uso wa Harprasad, mdomo wazi, viganja viwili vikigonga kioo. Sauti haikufika, lakini midomo ilisomeka.

Alikuwa akimwita mama Pinki.

"Bundela atamlazimisha asaini kujitoa," Dabral alisema.

"Mwache aende," Budhiya alisema. "Amekwenda mwenyewe."

Damyanti alijifunga pindo la sari kiunoni. Alimfikia Pateria kabla hajawasha, akampokonya ufunguo wa pikipiki kwa mkono ule usionyooka.

"Ni mpumbavu," alisema, akipanda. "Lakini ni mpumbavu wangu, na Bundela kashanivunjia vya kutosha. Budhiya, kaa nyuma. Chukua shoka la yule muuza kuni pale langoni."